Nani Mwenye Sauti juu ya Ngano ya Mkulima? Shauri la Wakulima wa Kanada

Wasomaji wetu walio wakulima wa mahindi hawahitaji kuelezwa maana ya sheria inayomlazimu mtu kuuza mazao yake mahali pamoja tu. Serikali ya Kenya iliweka udhibiti wa mahindi mwaka 1942, wakati wa vita, na mpaka mwaka 1993 ulipokuwa ukielekea kwisha, mtu aliyepitisha shehena ya mahindi kutoka wilaya moja hata nyingine bila kibali aliweza kufikishwa mbele ya hakimu. Katika miaka ile ya vita mkulima Mwafrika alilipwa bei ya chini kuliko mkulima Mzungu, wala hakuna aliyemwuliza kama sheria ile ilimpendeza au haikumpendeza.

Basi yafaa tusikie habari za nchi ambayo wakulima wake nao waliishi chini ya sheria ya namna hiyo kwa karibu miaka 70, walakini ilipofika siku ya kuiondoa, baadhi yao walikwenda mahakamani ili isiondolewe. Nchi hiyo ni Kanada.

Ngano ya Kanada hulimwa zaidi katika tambarare za magharibi, yaani majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Bahari iko mbali sana na mashamba hayo, mbali kuliko Kitale ilivyo na Mombasa, na njia ya kuifikia ni reli. Mavuno huja kwa watu wote wakati mmoja, kabla ya theluji kuanguka. Zamani mkulima alipeleka ngano yake kwenye ghala la stesheni, akakuta mnunuzi mmoja au wawili, naye akiwa na deni la mbegu na la mashine. Bei aliyotajiwa aliipokea. Wakulima walijaribu kujiokoa kwa vyama vyao vya ushirika mnamo mwaka 1923 na 1924, navyo vikastawi sana kwa miaka michache. Lakini bei za dunia zilipoanguka baada ya mwaka 1929, vyama vilikuwa vimekwisha kuwalipa wanachama fedha nyingi kuliko zile ambazo ngano iliweza kuleta, vikashindwa.

Hapo ndipo Serikali ilipounda Bodi ya Ngano ya Kanada, mwaka 1935, makao yake yakiwa katika mji wa Winnipeg. Mwanzoni kuiuzia Bodi kulikuwa ni hiari. Lazima ilikuja mwaka 1943, nayo haikuja ili kumpandishia mkulima bei. Vita ilikuwa imeanza kuipandisha bei yenyewe, na Serikali ilitaka kuizuia isipande mno. Watu wengi husahau jambo hili wanapoisifu Bodi, na hata wanapoilaumu.

Kazi ya Bodi ilikuwa hivi. Mkulima alipofikisha ngano yake alilipwa malipo ya kwanza, ambayo Serikali iliyadhamini. Bodi ikauza ngano ya wakulima wote mwaka mzima katika nchi nyingi, ikaweka fedha katika mfuko mmoja, ikatoa gharama zake, na mwisho ikamgawia kila mtu kilichobaki kwa kadiri ya uzito na daraja ya ngano yake. Aliyeleta mapema na aliyeleta baadaye walipata bei moja. Mkulima ambaye aliona bei nzuri ng'ambo ya mpaka, huko Marekani, hakuruhusiwa kupakia lori na kwenda zake. Sharti kwanza aiuzie Bodi kwa hesabu, kisha ainunue tena ngano yake mwenyewe kwa bei ambayo Bodi ilitaja.

Neno hilo la kununua mali yako mwenyewe ndilo lililowachoma wengi. Wakulima walioishi karibu na mpaka waliweza kuona maghala ya Marekani, na siku nyingine bei ya huko ilikuwa juu. Tena sheria hii iliwahusu watu wa magharibi tu. Wenzao wa jimbo la Ontario, mashariki, walikuwa na bodi yao ya wakulima wenyewe, nayo ilipofika mwaka 2003 iliwaachia wanachama wake wauze watakavyo. Mtu wa Alberta aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki: je, sisi si raia wa nchi moja? Katika miaka ya 1990 baadhi yao walivusha ngano na shayiri kwa malori bila kibali, wakatozwa faini. Tarehe 31 Oktoba 1902 isingeweza kuona jambo kama lile lililoonekana tarehe 31 Oktoba 2002 katika mji wa Lethbridge: wakulima 13 waliingia gerezani kwa hiari yao kuliko kulipa faini, na mmoja wao kosa lake lilikuwa kuvusha kilo 27 hivi za ngano, ambazo alizitoa zawadi kwa chama cha vijana wakulima wa Marekani.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja nzito. Walisema ya kwamba wanunuzi wakubwa wa nafaka duniani ni makampuni machache yenye nguvu nyingi, na mkulima mmoja akisimama mbele yao peke yake ni kama mtu aendaye sokoni na kuku mmoja jioni. Wauzaji wote wakiwa na mlango mmoja, mnunuzi hawezi kuwagombanisha. Wakaongeza ya kwamba Bodi iliwatetea mbele ya makampuni ya reli, na ya kwamba aliyefaidika na bei ya Marekani mwezi huu asingeweza kujua bei ya mwezi ujao. Mabishano haya yaligawa vijiji, na hata ndugu waliolima mashamba yaliyopakana.

Mwaka 1998 Bunge la Kanada lilibadili sheria ya Bodi, na mabadiliko hayo ndiyo kiini cha habari yetu. Tangu hapo wakurugenzi 10 kati ya 15 walichaguliwa na wakulima kwa kura. Tena kikatiwa kifungu cha 47.1, kilichosema ya kwamba Waziri asipeleke Bungeni mswada wa kuondoa aina ya nafaka katika mamlaka ya Bodi mpaka kwanza ashauriane na Bodi, na wakulima wapige kura na kukubali. Wakulima wengi waliisoma ahadi hii kwa maana nyepesi: Bodi haitaondolewa pasipo sisi.

Ahadi ilijaribiwa upesi. Mwaka 2007 Serikali iliwapigisha kura wakulima wa shayiri, lakini karatasi ya kura ilikuwa na majibu matatu badala ya mawili. Karibu 38 katika kila 100 walitaka Bodi ibaki vile vile. 48 hivi walitaka hiari ya kuiuzia Bodi au mtu mwingine. Na 14 hivi walitaka Bodi isiwemo kabisa katika biashara ya shayiri. Serikali ilijumlisha mafungu mawili ya mwisho ikasema wengi wametaka mageuzi. Wapinzani walijibu ya kwamba swali lenyewe lilikuwa mtego. Serikali ilijaribu kuitoa shayiri kwa amri ya Baraza la Mawaziri, na mahakama ikasema haiwezekani, kwa kuwa jambo hilo ni la Bunge.

Mwezi wa Mei 2011 chama cha Conservative kilishinda uchaguzi kwa wingi wa viti. Waziri wa Kilimo, Gerry Ritz, alitangaza ya kwamba lazima itaondolewa, na ya kwamba uchaguzi mkuu ndio kura ya kutosha. Bodi ikaendesha kura yake yenyewe. Katika wale waliopiga kura, 62 kwa 100 walitaka lazima ya ngano ibaki, na 51 kwa 100 walitaka ya shayiri ibaki. Serikali haikuikubali hesabu hiyo. Hoja yake yafaa isemwe kwa ukamilifu, maana haikuwa ya kipuuzi: ngano ni mali ya aliyeilima, na watu 62 hawana haki ya kumkataza mtu wa 63 kuuza mali yake, hata wakipiga kura mara kumi. Wengine walinung'unika ya kwamba mwenye shamba dogo alikuwa na kura moja sawasawa na mwenye maelfu ya ekari.

Mswada ulipelekwa Bungeni mwezi wa Oktoba 2011. Tarehe 7 Desemba Jaji Douglas Campbell wa Mahakama ya Shirikisho aliamua ya kwamba Waziri amevunja sheria, kwa sababu hakushauriana na Bodi wala hakuwapa wakulima kura. Walakini uamuzi huo haukuuzuia mswada. Siku nane baadaye ulikuwa sheria, na wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima waliondolewa papo hapo. Mwezi wa Juni 2012 mahakama ya rufani iliutengua uamuzi wa Jaji Campbell, ikisema ya kwamba kifungu kile hakikumkataza Waziri kupeleka mswada wa kuiondoa sheria nzima. Mwezi wa Januari 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilikataa kulisikiliza shauri. Kwa maneno mengine, Bunge lililotunga ahadi halikuweza kulifunga mikono Bunge lililofuata. Wanasheria waliona jambo hilo ni la kawaida. Mkulima aliyeiweka ahadi moyoni kwa miaka 13 hakuliona hivyo, nasi hatuwezi kumcheka.

Uhuru wa kuuza ulianza tarehe 1 Agosti 2012, na Waziri Mkuu Stephen Harper akatangaza msamaha kwa wale waliohukumiwa kwa kuvusha ngano. Mavuno ya mwaka 2013 yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyopata kuonekana huko hapo kabla. Majira ya baridi yalipofika mabehewa hayakutosha, maghala yakajaa, ngano ikalala mashambani huku meli zikingoja bandarini. Mwezi wa Machi 2014 Serikali ile ile iliyoondoa lazima kwa wakulima ilitoa amri ya kuyalazimisha makampuni mawili ya reli kubeba tani 500,000 za nafaka kila wiki, kila moja. Wafuasi wa Bodi walisema ingekuwapo isingefika hapo. Wengine walijibu ya kwamba mavuno ya namna ile na baridi ile vingemshinda mtu yeyote.

Bodi yenyewe, iliyobaki kuwa mnunuzi wa hiari tu, iliuzwa mwaka 2015. Asilimia 50.1 ilichukuliwa na kampuni iliyoundwa na Bunge ya Marekani, ambayo licha ya jina lake ni kampuni ya nafaka na si bunge la kutunga sheria, pamoja na kampuni ya kilimo ya Saudi Arabia. Sehemu iliyosalia iliwekwa kwa ajili ya wakulima, kila mmoja akipata fungu kwa kadiri ya tani alizoleta.