Kawe: Cheti ukutani, kufuli mlangoni

Ofisi nyingi za Kawe, Dar es Salaam, hazikujengwa ziwe ofisi. Zilikuwa nyumba za familia: ukuta mrefu, geti moja, mlango wa mbele wenye grili, mlango wa jikoni uliotiwa kufuli, na nondo katika kila dirisha. Aliyezijenga aliwaza wezi, na hakukosea. Kisha familia ikahama, ikaingia zahanati, shule ya chekechea, wakala wa mizigo au fundi wa sare mwenye vyerehani kumi na tano. Chumba walimolala watoto wawili sasa kina wafanyakazi wanane, na nyaya za ekstensheni zimepita chini ya zulia. Nondo zimebaki zilivyokuwa.

Zamani jina kubwa la ajira hapa lilikuwa Tanganyika Packers, kiwanda cha nyama ambacho viwanja vyake leo hutumika kwa mikutano na mahubiri. Kiwanda cha namna hiyo huwa na geti pana na eneo la wazi la kukimbilia. Tanganyika Packers ilipokufa, kazi zilitawanyika majumbani na uchochoroni, Ukwamani, Mzimuni na kandokando ya Old Bagamoyo, mahali ambapo mtu akitoka mbio hajui aelekee wapi.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inasimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, ulioanzishwa 2001. Mwajiri anatakiwa kusajili sehemu yake ya kazi, kukaguliwa na kuwa na wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 nayo inawapa askari wa zimamoto mamlaka ya kukagua majengo. Waajiri wengi wanazijua sheria hizi kwa sura ya cheti. Ada inalipwa, mitungi ya kuzimia moto inatundikwa, cheti kinawekwa kwenye fremu karibu na mapokezi, na jambo linahesabiwa limekwisha.

Kilichotokea Karachi, Pakistan, kinapaswa kumsumbua kila anayefikiri hivyo. Septemba 11, 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua na zaidi ya watu 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache kabla yake, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha viwango bora vya kazi. Baadaye mahakama iliamua kwamba moto uliwashwa makusudi na watu waliokuwa wakidai fedha kwa vitisho. Kwa hiyo mwenye kiwanda hakuuwasha yeye. Lakini moto unaweza kuanza kwa njia elfu, na wanaokufa wanapatikana kwenye mlango usiofunguka.

Jirani zetu wa Nairobi wana kovu la aina hiyo. Januari 28, 2009, duka kuu la Nakumatt Downtown liliungua katikati ya jiji, na watu wapatao 29 walipoteza maisha. Walionusurika walieleza kwamba milango ilifungwa kwa kuhofia uporaji. Hofu ya namna hiyo iko Kawe pia, na sioni sababu ya kuwacheka wanaoihisi. Kompyuta zinaibwa. Dawa zinaibwa. Ila mlango unaweza kumzuia wa nje bila kumfungia wa ndani: komeo linalovutwa kwa mkono badala ya kufuli, grili moja ya dirisha yenye bawaba inayofunguliwa kutoka chumbani, mlango wa jikoni usiorundikiwa maboksi. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaimaliza kazi hiyo mapema, kwa gharama iliyo ndogo kuliko kodi ya mwezi mmoja.

Moto wa ndani ya nyumba hauna subira. Mara nyingi moshi ndio unaoua kabla ya miali, na umeme ukikatika korido inakuwa giza tupu hata mchana. Namba 114 ipigwe mara moja, ndiyo, lakini gari la zimamoto linapambana na foleni, kisha linapambana na vichochoro vyetu. Zile dakika za mwanzo ni za waliomo ndani.

Wakishatoka, wakutane wapi? Wakazi wa Temeke wa rika langu hawahitaji kuelezwa uzito wa swali hili. Jumatano ya Aprili 29, 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala, watu walikimbia kila mmoja upande wake. Watoto walipotezana na wazazi, na kuna waliotafutwa usiku kucha. Mahali pa kukusanyikia ndipo panapokuambia nani bado yumo ndani. Bila hapo, mtu mwema atarudi kwenye moshi kumtafuta mwenzake ambaye tayari amekwishapanda daladala.

Na kuhesabiana kunahitaji majina. Daftari la mahudhurio lina majina ya walioajiriwa. Halina la kibarua aliyeitwa asubuhi kushusha mzigo, wala la dada wa usafi aliyeletwa na kampuni nyingine, wala la mteja aliyekaa kwenye benchi. Mama anayepika chakula cha mchana nyuma ya jengo, pembeni ya mtungi wa gesi, yuko karibu na hatari kuliko meneja, na ndiye asiyeitwa kwenye mafunzo. Mlinzi ana funguo zote kiunoni. Amebadilishwa juzi, na hakuna aliyemwonyesha ufunguo upi ni wa mlango upi. Mfanyakazi anayetembea kwa magongo anahitaji wenzake wawili wenye kujua kwamba wao ndio watakaomsaidia.

Zoezi la kweli la kujiokoa na moto linafanywa siku ya kazi, saa ya kazi, jikoni pakichemka na wateja wakiwepo, na mlango mmoja ukichukuliwa kuwa haupitiki. Wafanyakazi wapime muda. Waandike aliyesahaulika, kisha warudie miezi michache baadaye, kwa sababu watu wa Kawe wanahama kazi upesi.

Kinabaki kikwazo kimoja ambacho wakaguzi hukisikia kila siku: nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba hataki nondo zake zikatwe. Wajibu kisheria bado ni wa mwajiri. Basi kabla hajasaini mkataba wa pango, aombe iandikwe humo kwamba ana ruhusa ya kufungua mlango wa pili na kuweka grili zenye bawaba. Mwenye nyumba akikataa, nyumba hiyo haifai kuwekwa watu wa kazi, hata ikiwa kodi yake ni nafuu na iko barabarani.