Jina Halisi Halikuwa Dawa

Swali ninaloulizwa kupita kiasi, na wanafunzi, na waandishi wa habari, na hata wenye madaraka ya kutunga sheria, ni kwa nini watu wa mitandao ya kijamii wasishurutishwe kuandika kwa majina yaliyo katika vitambulisho vyao, ili mitandao irudie staha iliyokuwa nayo hapo awali. Swali hili limejengwa juu ya hadithi isiyo na asili: kwamba waasisi walijuana kwa majina wakastahiana, na kwamba matusi yaliingia pamoja na lakabu. Madhali majibu mafupi hayajafaa kitu, mara hii nitajibu kwa urefu.

Mnamo Agosti 1973, zaidi ya miaka 30 kabla ya kuzaliwa kwa Facebook, akina Lee Felsenstein, Efrem Lipkin na Mark Szpakowski waliweka teletaipu juu ya ngazi za kuingilia duka la santuri la Leopold's, mjini Berkeley, California, karibu na ubao ambapo wanamuziki walizoea kubandika matangazo yao, wakaiunganisha kwa njia ya simu na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco, ng'ambo ya ghuba, na mradi huo wakauita Community Memory. Mashine ilikuwa na kelele, hata ikabidi ifunikwe kwa sanduku la kadibodi lenye matundu ya kupitishia mikono. Mpita njia yeyote aliweza kuandika neno lake, akalitia alama za kulitafutia alizozichagua mwenyewe, na mwingine akaja akalisoma na kulijibu; na katika yote hayo hapana aliyemwuliza jina lake. Watu walitafuta nyumba, usafiri na wapigaji wa vyombo vya muziki. Mmoja aliuliza ipatikane wapi mikate mizuri ya duara iitwayo begeli, naye akajibiwa, miongoni mwa majibu mengine, kwamba yuko mtu tayari kumfundisha kuioka. Mwingine, aliyejiita Benway kwa jina la mhusika wa riwaya za William Burroughs, alijaza humo maandishi ya mafumbo yaliyowafurahisha wasomaji. Kwa maoni yangu, kilichohifadhi adabu pale ni kwamba mji ulikuwa mmoja, mwandishi alihitaji jibu la jirani, na mtu wa mradi alikaa ubavuni mwa mashine akiwaelekeza wageni.

Sasa na tuwatazame wale walioandika kwa majina yao. Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, ulijaa watu ambao aghalabu waliandika kwa majina yao, na chini yake anwani za vyuo na makampuni yaliyowaajiri. Walakini magomvi yalizidi hata likaundwa kundi mahsusi la kugombania, net.flame. WELL, mtandao wa mabaraza ya mazungumzo ulioanzishwa mwaka 1985 na Stewart Brand na Larry Brilliant huko Sausalito, haukumruhusu mwanachama kuficha jina lake, na bado wanachama wake waligombana vikali. Kilichowaweka pamoja ni wenyeji wa kila baraza, waliokuwa na mamlaka ya kusuluhisha.

Na kama ya kale hayatoshi, Korea ya Kusini imekwisha kuijaribu dawa hii ya majina halisi. Mwaka 2007 sheria iliwalazimisha watumiaji wa tovuti kubwa kuthibitisha majina yao. Mwaka 2011 kumbukumbu za watu takriban milioni 35 zikaibiwa katika tovuti za kampuni moja. Na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba, majaji wote wakiwa na kauli moja, ikaibatilisha sheria ile, kwa kuwa hapakuwa na ithibati kwamba maandishi haramu yamepungua kwa kiasi cha maana, ilhali watumiaji walikimbilia tovuti za nje. Hapa kwetu Tanzania, JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, imepata habari nyingi za ufisadi kwa watu wa lakabu, na mwasisi wake, Maxence Melo, alishtakiwa mwaka 2016 kwa kukataa kuwataja. Anayedai majina yote yafichuliwe na anieleze kwanza ni nani atakayethubutu kusema tena.

Kwa wanaoendesha makundi ya mtaa, ya shule au ya ibada, na wanaotaka shauri, ni hili: kundi liwe dogo, kanuni ziandikwe kabla ya ugomvi wa kwanza, mgeni asome siku kadhaa kabla ya kuandika, lakabu ya mtu iwe moja, asiibadili kila siku, anayeonywa aonywe faraghani, na wasimamizi wawe wawili au watatu, wapokezane zamu.