Haki, Amani, Kazi: Nembo ya Kongo inavyopimwa Beni na Butembo

Mfanyabiashara wa Butembo anayevuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda hubeba pasipoti yenye kichwa cha chui kwenye jalada. Hiyo ndiyo nembo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinaieleza: kichwa cha chui katikati ya pembe ya ndovu na mkuki, vyote vikiwa juu ya jiwe. Kauli mbiu ya taifa ni Haki, Amani, Kazi.

Chui huyo ameondoka na kurudi. Wakoloni wa Kibelgiji walitumia simba, pamoja na maneno Kazi na Maendeleo. Zaire ya Mobutu ikaweka chui, na kauli mbiu yake ilianza na Amani. Baada ya Mobutu kuangushwa mwaka 1997, simba alirudi. Wakati wa serikali ya mpito, kuanzia 2003, maneno yakawa Demokrasia, Haki, Umoja. Mwaka 2006 chui akarejeshwa.

Watu wa biashara wanajua nembo ina uzito gani. Benki iliyokuja kubeba jina la familia ya Barclay ilihamia Lombard Street, London, mwaka 1728, kwenye jengo lenye alama ya tai mweusi. Tai alibaki alama ya benki hiyo hadi matawi yake ya Kampala, mji ambao wafanyabiashara wa Butembo wanaujua vizuri. Mwishoni mwa 2019 matawi hayo yakaitwa Absa na tai akatoweka. Mteja asiyeridhika na benki huhamisha pesa zake. Raia asiyeridhika na dola hutegemea kura.

Lakini Desemba 2018 kura hiyo haikupigwa Beni wala Butembo. Tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha uchaguzi huko na Yumbi hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliachwa nje. Wakazi wa Beni waliandaa kura yao ya mfano kuonyesha kwamba wangeweza kupanga mstari. Rais Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla zamu yao haijafika. Hapo ndipo neno Haki lilipopungukiwa.

Kazi haijawahi kukosa watu. Butembo imejengwa kwa biashara, na wafanyabiashara wake wamechanga pesa zao kutengeneza barabara.

Neno zito zaidi ni Amani. Mauaji ya raia katika eneo la Beni, ambayo mengi yanahusishwa na waasi wa ADF, yalianza Oktoba 2014. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, lakini mauaji hayakukoma. Mkulima anayeogopa kwenda shambani hana amani wala kazi.

Baada ya Goma kuchukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Mji ulionyimwa kura ya urais mwaka 2018 sasa ndio unaoihifadhi ofisi ya gavana. Wakazi wake wanangoja serikali hiyo itimize maneno matatu ya taifa.