Kompyuta ya michezo ya bei nafuu

Kompyuta ya michezo ni kompyuta iliyoundwa ili iendeshe michezo ya video yenye michoro mizito bila kukwama. Vipuri vinavyoiwezesha kufanya hivyo ndivyo vinavyohitajika pia katika kuhariri video, kusanifu majengo, kuchora katuni za pande tatu na kufundisha programu za akili mnemba. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hununua mashine moja kwa shughuli zote mbili. Mwenye fedha za kununua mara moja tu kwa miaka kadhaa hana nafasi ya kukosea.

Mchezo na kazi

Skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080 ina jumla ya nukta 2,073,600, na mchezo huzichora upya mara 60 au zaidi kwa sekunde. Prosesa ina viini vichache vyenye nguvu, lakini kadi ya michoro ina mamia au maelfu ya viini vidogo vinavyopiga hesabu nyepesi kwa pamoja.

Mwaka 2007 kampuni ya Nvidia ilitoa CUDA, mfumo uliowaruhusu waandishi wa programu kutumia viini hivyo kwa hesabu zisizohusu picha. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, walishinda shindano la ImageNet la kutambua picha kwa programu iliyoitwa AlexNet. Waliifundisha kwa kadi mbili za GeForce GTX 580, yaani kadi za kuchezea michezo. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3 tu, nayo haikutosha, hivyo walilazimika kuigawa programu yao katika kadi hizo mbili.

Kadi ya michoro

Tatizo hilo la kumbukumbu ndilo linalomkabili mnunuzi hadi leo. GeForce RTX 3060 ya mwaka 2021 ilitolewa kwanza ikiwa na gigabaiti 12 na hutumia wati 170. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina gigabaiti 8, hutumia wati 115, na katika michezo mingi ni ya kasi zaidi. Anayecheza tu atachagua ya pili. Lakini mchoro wa Blender unaohitaji gigabaiti 10 utaenea ndani ya kadi ya zamani, ilhali kadi mpya itapunguza mwendo sana au itakataa kazi. Wauzaji hupenda kutaja namba ya toleo. La kuuliza ni gigabaiti.

Kadi za Radeon za kampuni ya AMD mara nyingi hutoa kumbukumbu kubwa zaidi kwa bei ileile, nazo ni nzuri kwa michezo. Hata hivyo baadhi ya programu za kazi hutegemea CUDA, ambayo ni ya kadi za Nvidia. Inafaa kujua programu itakayotumika kabla ya kulipa.

Vipuri vingine

Prosesa ya viini 6, kama Ryzen 5 5600, inatosha michezo mingi na kazi nyingi za chuoni. Kumbukumbu ya RAM iwe gigabaiti 16, na vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, maana prosesa husoma vyote kwa pamoja. Diski ya SSD haiongezi kasi ya picha katika mchezo. Hupunguza muda wa kusubiri. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde haitaonyesha zaidi ya hizo hata kadi ikitoa 140.

Kipuri kinachodharauliwa ni pawasaplai. Hakionekani na hakisifiwi, basi ndicho watu hukipunguzia fedha. Pawasaplai duni hushindwa kutoa wati zilizoandikwa juu yake, na ikiungua yaweza kuharibu ubao mama na kadi pia.

Kompyuta mpakato hubebeka, lakini kadi yake mara nyingi hupewa umeme mdogo kuliko kadi ya mezani yenye jina lilelile, na joto huipunguzia kasi kazi inapodumu kwa saa nyingi.

Mashine zilizotumika

Njia ya bei ya chini kabisa ni kununua kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini na kuiongezea kadi. Kasha lipimwe kwanza: yale membamba hayapokei kadi za kimo cha kawaida, na pawasaplai zake nyingi zina umbo la pekee, hivyo si rahisi kuzibadilisha. Kwa mashine hizo huchaguliwa kadi ndogo. Zipo GTX 1650 fupi za wati 75 zisizohitaji waya wa ziada wa umeme.

Mashine kuukuu zilizotoka Marekani zaweza kuwa na swichi nyekundu nyuma ya pawasaplai yenye namba 115 na 230. Katika Afrika Mashariki lazima iwe kwenye 230 kabla ya kuchomekwa. Ikiwa kwenye 115, pawasaplai huungua mara moja. Kuhusu kadi zilizotumika, ziko bandia ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kwa jina la toleo jipya. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kuzifichua, na mnunuzi anaweza kuiendesha palepale dukani.