Mtawanyo wa masafa

Mtawanyo wa masafa ni mbinu ya mawasiliano ya redio inayosambaza ishara katika ukanda mpana wa masafa. Simu za analogi zisizo na waya zilibaki kwenye masafa yaleyale wakati wa mazungumzo, hivyo jirani mwenye redio ya kufaa aliweza kusikiliza. Katika aina ya kurukaruka, kituo cha simu na kifaa cha mkononi hubadili masafa pamoja, mara nyingi kila sekunde, kwa mpangilio mmoja. Masafa machache yakivurugwa, hupotea vipande vidogo tu vya sauti. Hata hivyo, kuficha maneno kabisa huhitaji pia usimbaji.

Hedy Lamarr na George Antheil walipata hataza ya kurukaruka kwa masafa nchini Marekani mwaka 1942, wakilenga kuongoza torpedo.