FEDHA YA KARAFUU NA HISA ZA NG'AMBO

Wanachama kadhaa, wakiisha kupokea fedha za mavuno, wametuuliza khabari za hisa za ng'ambo, na hasa ile mifuko ya fahirisi ambayo vijana wao walioko Maskati na London wanaisifu. Yafaa tulieleze jambo hili kwa utulivu, maana fedha yenyewe ni ya jasho.

Hisa ni fungu la umiliki katika kampuni. Kampuni ikistawi, mwenye hisa hufaidika. Ikifilisika, fungu lake hupotea. Basi anayeweka fedha zake zote katika kampuni moja ni kama mwenye mashamba yake yote upande mmoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Aliyekuwa na mashamba visiwa vyote viwili alibaki na cha kuchuma. Fahirisi ni orodha ya makampuni pamoja na kipimo cha bei zao kwa jumla. Iliyo mashuhuri Marekani, S&P 500, ilianza kuwa na makampuni 500 mwaka 1957. Mfuko wa fahirisi hununua hisa za orodha nzima, na hata mwenye akiba ndogo hupata fungu katika zote.

John Bogle wa kampuni ya Vanguard alifungua mfuko wa namna hii kwa watu wa kawaida mwaka 1976. Alitaraji dola milioni 150. Zikapatikana kama milioni 11, na watu wakamcheka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mabingwa wa kuchagua hisa hutoza ujira mkubwa, na wengi wao hawaishindi orodha yenyewe. Na ujira ndio wa kutazamwa sana. Dola 1,000 zikikua kwa 7 kwa mia kila mwaka, baada ya miaka 30 hufika kama 7,600. Akikata mtu 1 tu kwa mia kila mwaka, hufika kama 5,700. Ipo mifuko leo inayokata senti 3 kwa kila dola 100 kwa mwaka.

Lakini asidhani mtu kwamba orodha ndefu haianguki. Tangu Oktoba 2007 hata Machi 2009 S&P 500 ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, na bei haikurudi mahali pake ila mwaka 2013. Ya Japani, Nikkei, ilifika kilele mwisho wa mwaka 1989, ikakipita kilele hicho Februari 2024! Kwa hiyo fedha ya ada za skuli, ya palizi au ya wachumaji wa msimu ujao haina kazi huko. Na kuweka shamba rehani ili kununua hisa, sisi twaona ni kujitia kitanzi.

Anayechelea riba na ajue kwamba tangu 1999 zipo fahirisi za Kiislamu zinazotoa nje mabenki ya riba, ulevi na kamari. Tena kabla ya kupeleka fedha nje, iulizwe benki sheria ya fedha za kigeni inasemaje. Na mtu akikuahidi faida maalumu kila mwezi, huyo hauzi fahirisi.

Mwanachama mwenye karatasi za dalali asizozielewa azilete ofisini kabla ya kutia sahihi, tuzisome pamoja.