Vijana wa Uganda wanaorusha mpira Marekani

Wazazi na vijana, mwezi huu tunawaletea habari za besiboli. Wengi wetu hapa tunajua kandanda tu, basi tuanze na mrushaji, maana mchezo wote unaanzia mkononi mwake. Anasimama mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji, anarusha kipira cha gramu 145, na kwa wale wakubwa kinakwenda kilomita 150 kwa saa. Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kufikiri. Mkono kama huo unatafutwa mpaka Afrika.

Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda kanda yake huko Poland, ikapata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya Little League, Williamsport, Marekani. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo. Kumbe hawakwenda! Walinyimwa viza sababu umri kwenye karatasi zao haukulingana. Sisi wakimbizi jambo hilo hatuhitaji kuelezwa: tarehe moja kwenye kadi, nyingine shuleni, ya tatu anayo mama kichwani. Kama kwenu iko hivyo, ombeni isahihishwe sasa, mtoto akiwa bado mdogo, msingoje siku ya safari.

Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wacheze nao, wakaja wenyewe Uganda Januari 2012, na wenyeji wakawashinda 2 kwa 1. Agosti mwaka huohuo timu ya Lugazi ikafika Williamsport, ikaishinda timu ya Oregon 3 kwa 2.

Halafu ikaja zamu ya wakubwa. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwaandikisha warushaji wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma, naye mrushaji. Pirates ndiyo klabu ambayo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliichezea mwaka 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika ligi kuu.

Lakini vijana, kutia sahihi si kufika. Matoma alianzia ligi ya chini kabisa, Jamhuri ya Dominika, ndipo akaenda Florida. Ngazi ni nyingi na wengi wanaishia njiani, wengine sababu ya mkono. Mwaka 1974 Tommy John wa Dodgers alipasuliwa kiwiko, wakamwekea kano kutoka mkono wake wa pili, akarudi kurusha mpaka 1989. Huyo alikuwa na klabu ya kumlipia daktari.

Kwa hiyo mtoto akija nyumbani anasema kiwiko kinauma, tusimwambie ajikaze. Little League wenyewe wanahesabu: wa miaka 11 na 12 asirushe zaidi ya mara 85 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku 4.